Baiplani ya kivita ya sm 50: kuisanifu na kuiunda Lamu kwa mwanzi, msufi na uzi

Anayechora ndege ya kivita ya miaka ya 1930 kwa mara ya kwanza huanzia puani: injini, bunduki, rangi. Akifika kwenye mabawa nafasi imeshambana, na hapo ndipo ndege inapoharibika. Baiplani, yaani ndege ya mabawa mawili yaliyopandana, husanifiwa kuanzia mabawani. Mabawa yote mawili, nguzo na nyaya zake ni chombo kimoja, sanduku lililokazwa kwa kamba, na kila kipande kinategemea chenzake. Fundi wa majahazi wa Matondoni anayejua kwa nini mlingoti hausimami peke yake ameshalielewa nusu ya somo hili.

Mfano ulioelezwa hapa hauna injini. Unarushwa kwa mkono kutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na uzito wa injini unachukuliwa na chubwi ya kuvulia iliyofichwa puani. Si nakala ya ndege fulani. Umesanifiwa upya kwa kanuni zilizotumika kati ya vita viwili vikuu, ili mwenye kuuunda aelewe kwa nini kila kipimo kiko pale kilipo.

Vipimo na sababu zake

Bawa la juu lina sm 50 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sm 8. La chini lina sm 44 kwa upana wa sm 7. Eneo lote ni 400 na 308, jumla sm za mraba 708. Uzito unaolengwa ni g 67 pamoja na chubwi. Kwa uzito huo ndege itahitaji mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde, yaani km 18 kwa saa, ili ijibebe. Kumbuka tarakimu hii, maana itaamua saa ya kurusha.

Bawa la chini limepunguzwa kwa makusudi. Chini ya bawa la juu hewa ina msukumo mkubwa, na juu ya bawa la chini msukumo ni mdogo. Mabawa yakikaribiana, hewa ya moja huiharibu ya jingine, na anayeumia zaidi ni wa chini. Celestino Rosatelli, mbunifu wa Fiat ya Italia, alilifanya bawa la chini kuwa dogo katika ndege ya CR.32 iliyoruka mara ya kwanza 1933, akarudia katika CR.42 ya 1938. Ndege hizo hazikuwa mbali na pwani yetu: mwaka 1940 Waitaliano walikuwa nazo katika makoloni yao ya Afrika Mashariki, na Waafrika Kusini walikuwa Kenya na Hawker Fury, nazo baiplani.

Nafasi ya wima kati ya mabawa ni sm 8, sawa na upana wa bawa la juu. Wengi hupenda kuyakaribisha ili ndege ionekane kali. Wasichokiona ni uzi. Uzi unaobeba mzigo wa kuruka unatoka ubavuni mwa kiwiliwili, chini, ukipanda hadi juu ya nguzo ya nje. Kwa ndege hii unakwenda sm 14.5 kwa mlalo na sm 8 kwa wima, kwa hiyo unalala kwa digrii 29 hivi, na mvuto ndani yake ni karibu mara mbili ya mzigo unaoubeba. Punguza nafasi iwe sm 5, uzi utalala kwa digrii 19 na mvuto utafika mara tatu. Gundi ya kiungo huachia hapo, na anayelaumiwa huwa ni gundi.

Bawa la juu litangulie mbele ya la chini kwa sm 2.5. Katika ndege halisi mtangulizo huu ulimpa rubani nafasi ya kuona na ya kutoka, na ulipunguza kidogo kule kuharibiana kwa hewa. Kwetu una faida nyingine kubwa zaidi. Bawa la juu lielekezwe kwa digrii 3, la chini kwa digrii 2, na bawa la mkia liwe sifuri. Mwendo ukipungua, bawa lenye pembe kubwa ndilo linaloachia hewa kwanza. Hilo ni la juu, nalo liko mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo pua inashuka yenyewe na ndege inapata mwendo tena. Ukikosea ukaligeuza, la chini lililo nyuma litaachia kwanza, mkia utadondoka, na ndege itapanda pua juu mpaka isimame hewani na kuanguka kwa tezi. Digrii moja tu ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili, basi usiipime kwa jicho. Kwa bawa la juu, ukingo wa mbele uwe juu ya ule wa nyuma kwa mm 4.2, kwa la chini, mm 2.4.

Kiwiliwili kina urefu wa sm 42. Ukingo wa mbele wa bawa la juu uko sm 9 kutoka puani. Bawa la mkia ni sm 18 kwa sm 7, na pezi la wima pamoja na usukani wake ni sm za mraba 50. Ncha za mabawa yote mawili ziinuliwe kwa pembe moja: ncha ya bawa la juu ipande sm 2 kuliko kati, ya la chini sm 1.75. Pembe zikitofautiana, nguzo za kulia na kushoto hazitalingana hata ukizikata mara kumi.

Vifaa

Mwanzi mkavu kwa boriti za mabawa na fito za kiwiliwili. Chelewa, zile njiti za ukuti zinazofungiwa fagio, kwa kingo za mabawa na kwa mkia. Ubao wa msufi kwa mataruma, yaani vipande vya kukingama vinavyolipa bawa umbo lake. Karatasi ya tiara, gundi nyeupe ya mbao, uzi wa kushonea wa poliesta, nta kidogo, chubwi ndogo ndogo, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja.

Msufi ni jamaa ya balsa, ingawa ni mzito zaidi. Ukiwa mbichi umejaa maji: ukauke kivulini wiki mbili angalau, mahali penye upepo, la sivyo utaota ukungu wa buluu na kusinyaa baada ya kugundishwa. Mataruma yaliyosinyaa huvuta karatasi na kuacha bawa limejipinda. Chagua kipande kisicho na matundu ya wadudu.

Mwanzi upasuliwe kwa kisu, usikatwe kwa msumeno, ili ufuate nyuzi zake. Ganda la nje ndilo lenye nguvu, kwa hiyo kwangua upande wa ndani tu mpaka upate mm 2 kwa mm 2.5. Boriti mbili za bawa moja zitoke kwenye pingili zilizofuatana za mwanzi mmoja, na maganda yake yaelekee upande uleule. Kabla ya kuzigundisha, zishike mwisho mmoja mezani na kuning'iniza chubwi ileile mwisho wa pili, moja baada ya nyingine. Zikishuka sawasawa, zinafaa. Boriti moja ikiwa laini kuliko nyenzake, bawa litajisokota likianza kubeba.

Kuhusu uzi: mshipi wa nailoni unavutia kwa sababu upo kila duka la Lamu, lakini unanyooka. Ukiukaza asubuhi, jua la saa sita litaulegeza. Uzi wa poliesta uliopitishwa kwenye nta haunyooki sana na hauingii unyevu.

Mabawa

Mataruma ni 21: 11 kwa bawa la juu, kila sm 5, na 5 kwa kila upande wa bawa la chini, ambalo boriti zake zinapita chini ya kiwiliwili bila kukatwa. Upande wa chini wa taruma uwe bapa, wa juu uwe na tumbo. Miaka ya 1920 na 1930 umbo la aina hii lililopendwa sana lilikuwa Clark Y, lenye unene wa asilimia 11.7 ya upana wa bawa. Kwa ndege ndogo iendayo polepole, unene huo ni mwingi. Mm 7 kwa bawa la juu na mm 6 kwa la chini unatosha, tumbo likiwa theluthi ya kwanza kutoka mbele.

Usikate taruma moja moja. Kata vipande 11 vya msufi vya mm 2, vibane pamoja kati ya violezo viwili vya plaiwudi kwa pini, kisha piga msasa bunda zima mpaka lifanane na violezo. Hapo hapo chimba nafasi za boriti, moja sm 1.2 kutoka mbele na nyingine sm 5.2. Kwa bawa la chini ni sm 1.0 na 4.6. Mataruma yaliyokatwa moja moja kwa jicho hutofautiana nusu milimita, na nusu milimita katika mm 7 si kidogo.

Bandika mchoro kwenye ubao ulionyooka, utandikie mfuko wa plastiki, unda bawa juu yake. Upande bapa wa taruma unalala mezani, na hii ndiyo sababu ya kuchagua umbo hilo. Viungo vya boriti katikati, pale bawa linapoinuka, vifungwe kwa uzi mizunguko minane kisha vipakwe gundi. Mtepe wa Wabajuni ulishonwa kwa kamba na ukavuka bahari. Kiungo cha uzi hunyumbulika kabla ya kukatika, kiungo cha gundi tupu hukatika tu. Bawa la juu likiwa tupu lisizidi g 9, na baada ya karatasi g 11. La chini g 9 kwa jumla.

Karatasi igundishwe kwenye kingo na kwenye taruma za mwisho kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usitumie uji wa unga. Mende wa Lamu wataula usiku, na usipoliwa utaota ukungu. Ikikauka, rashia maji kama ukungu mwembamba, upande wa juu na wa chini kwa wakati mmoja, kisha libane bawa kwenye ubao kwa pini mpaka likauke. Ukirashia upande mmoja, bawa litapinda kama gamba la nazi. Koti moja jembamba la vanishi iliyozimuliwa huzuia unyevu wa bahari; la pili huongeza uzito na kuvuta boriti.

Kiwiliwili na mkia

Fito nne za mwanzi za mm 2 kwa 2, mbavu mbili zikiundwa moja juu ya nyingine kwenye mchoro mmoja, plastiki ikiwa katikati yake. Kimo ni sm 6 kwenye mabawa, upana sm 5, kikipungua hadi sm 1.5 mkiani. Unapoziunganisha, anza na vipande vya kukingama vya katikati, pima kwa pembe mraba, kisha ndipo uvute mkia. Anayeanza mkiani hupata kiwiliwili kilichopinda kama ndizi, na hakuna usukani utakaokinyoosha.

Kuanzia nyuma ya mabawa, ogopa uzito. Kitovu cha uzito kiko sm 12 kutoka puani, chubwi iko sm 10 mbele yake, na mkia uko sm 25 nyuma. Kwa hiyo kila gramu moja unayoiacha mkiani inadai gramu mbili na nusu puani. Bawa la mkia na pezi viwe vya chelewa na karatasi, g 4 kwa pamoja. Kiwiliwili kisizidi g 14.

Magurudumu ni vipande viwili vya msufi vya kipenyo cha sm 4, kwenye miguu miwili ya mwanzi. Wabunifu wa wakati ule walihangaika sana na miguu kwa sababu ya kuburuta hewa. Henry Folland wa kiwanda cha Gloster, akitoka kwenye ndege ya Gauntlet kwenda Gladiator iliyoruka 1934, aliondoa safu moja ya nguzo kila upande, akaweka miguu ya nguzo moja moja yenye magurudumu yaliyofichiwa springi ndani. Hakubadilisha aina ya ndege, aliondoa vitu vilivyokaa kwenye upepo, na Gladiator ilifika karibu km 400 kwa saa. Kwenye shindano la serikali ya Uingereza la kutafuta ndege mpya ya kivita, wengine kadhaa waliifuata injini ya Rolls-Royce Goshawk iliyopozwa kwa mvuke, na injini hiyo ikawaangusha. Ukiwa na kishawishi cha kuongeza nguzo ya urembo kwenye mfano wako, ikumbuke Gladiator.

Kufunga sanduku

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tengeneza kalibu mbili za boksi gumu, moja kwa kila upande, zikatwe zikiwa na kila kitu ndani yake: nafasi ya sm 8, mtangulizo wa sm 2.5, digrii 3 za juu na digrii 2 za chini. Mabawa yakilala kwenye kalibu hizo, pembe zimejipima zenyewe. Zisimame sm 12 kutoka katikati, ili zisikuzuie kufika kwenye nguzo.

Gundisha kwanza bawa la chini kwenye kiwiliwili. Weka kalibu. Lalia bawa la juu. Pima kutoka kila ncha hadi mwisho wa mkia: vipimo viwili vitofautiane si zaidi ya mm 2. Kisha simamisha nguzo nne fupi za katikati, kati ya mgongo wa kiwiliwili na bawa la juu, uache gundi ikauke usiku kucha. Hizi ndizo zinazovunjika kwanza ndege ikianguka, kwa hiyo zifungwe kwa uzi pia.

Nguzo za nje zinakaa sm 17 kutoka katikati, kila upande kwa umbo la herufi N: ya mbele karibu sm 8.3, ya nyuma sm 8.2, na ya mshazari sm 9.9 kutoka boriti ya mbele ya juu hadi ya nyuma ya chini. Zikate zikiwa ndefu kidogo, uzipunguze kwa msasa mpaka ziingie bila kulazimishwa. Nguzo inayosukumwa kwa nguvu inabadilisha pembe ya bawa, na kazi yote ya kalibu imepotea. Mshazari wa N ndio unaozuia bawa kujisokota; Rosatelli alipanga nguzo zake kwa umbo la W kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nyuzi, tatu kila upande. Mbili ni za kuruka, kutoka chini ya kiwiliwili hadi juu ya nguzo ya mbele na ya nyuma. Moja ni ya kutua, kutoka juu ya nguzo za katikati hadi chini ya nguzo ya nje. Funga ya kutua ya kulia, kisha ya kushoto, halafu za kuruka kwa zamu hiyohiyo. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, sanduku zima litaegemea upande huo.

Zikaze mpaka zisilegee, basi. Kisha zipige kwa ukucha kama nyuzi za udi: uzi wa kulia na mwenzake wa kushoto vitoe sauti moja. Ukisikia tofauti, mmoja una mvuto zaidi. Uzi unaolia juu sana ni hatari kuliko uliolegea, maana unapinda boriti kabla ndege haijaondoka mkononi.

Mizani na kurusha

Iinue ndege kwa vidole viwili chini ya bawa la juu, sm 3 nyuma ya ukingo wake wa mbele. Ongeza chubwi puani mpaka ilale sawa. Itachukua g 20 hivi. Ikihitaji zaidi ya g 25, kuna uzito mkiani usiostahili. Sm 3 ni mahali salama pa kuanzia, na ikisharuka vizuri unaweza kurudisha kitovu hadi 3.5, si zaidi.

Rusha alfajiri. Kusi likiwa limekaza mchana, upepo hufika au hupita zile km 18 kwa saa ambazo ndege yenyewe inazihitaji, na kinachopanda hapo ni tiara bila kamba. Jaribio la kwanza lifanyike ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu na punda hawajaanza kupita. Kaa mbali na upande wa uwanja wa ndege wa Manda. Shika ndege chini ya mabawa, uelekee upepo, uisukume mbele kwa mwendo wa mtu anayekimbia, pua ikiwa chini kidogo ya mlalo. Usiitupe kama jiwe.

Ikipanda, ikasita, ikadondosha pua na kurudia, ongeza chubwi gramu moja. Ikipiga mbizi moja kwa moja, hakikisha kwanza kitovu kiko sm 3, kisha inua ukingo wa nyuma wa bawa la mkia mm 1. Ikigeuka upande mmoja, usiguse usukani kwanza: itazame kutoka nyuma, utafute bawa lililojisokota. Mara nyingi ni ncha moja imeshuka mm 2 kwa sababu ya unyevu au uzi. Ishike ncha kwenye mvuke wa birika, ipinde kinyume taratibu, uhesabu mpaka thelathini, uiache ipoe. Kisha pima nyuzi tena. Ikitulia, ingia vilimani. Ndege nzuri ya aina hii husogea mita nne hadi tano kwa kila mita moja inayoshuka. Nyuzi na nguzo hazitaruhusu zaidi ya hapo bila kupunguza kitu.

Baada ya kurusha, pangusa mchanga kwenye viungo kwa brashi kavu, maana chumvi hushika maji na maji hulainisha gundi nyeupe. Ining'inize darini kwa nyuzi mbili kutoka bawa la juu, mbali na dirisha la baharini. Ukiiweka kwenye magurudumu miezi ya masika, miguu itapanuka na asubuhi utakuta bawa moja liko chini kuliko jingine.